Nimemletea Bibi Mtandao, Mtaa Mzima Ukazimika

Mpendwa mshauri Bi Wahida, shikamoo. Naomba msaada wako, lakini kwanza ujue unaandikiwa na nani, maana najua umezoea barua za watu waliokimbiwa na wachumba, leo pumzika kidogo. Mimi naitwa Muharami, nina miaka kumi na tisa, shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme tuliachana, lakini hapa Bagamoyo simu ikipasuka kioo, ikiingia maji ya bahari, ikigoma kuchaji, inaletwa kwangu kabla ya kupelekwa kwa wale wenye vyeti ukutani, na ikitoka kwangu inaongea.

Sasa nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, kuta zake nene mpaka nikinyoosha mkono dirishani vidole ndiyo kwanza vinafika nje, na humo ndani simu haishiki hata mstari mmoja. Tumezoea, anayetaka kuongea anatoka barazani, au anakwenda uani kwenye kamba ya nguo ambako kuna vimstari viwili, na bibi yangu, Bi Kibibi, kiti chake cha simu kilikuwa barazani, kila Ijumaa baada ya swala mdogo wake Bi Taghreed anampigia kutoka Maskati na mtaa mzima unasikia habari za Oman bure. Babu amefariki mwezi wa pili sasa, bibi yuko eda, miezi minne na siku kumi hatoki, barazani hakai, anashinda chumba cha ndani na mkeka wake na tasbihi yake, na huko Maskati Bi Taghreed figo zimemlemea, madaktari wameshawaita watoto wake pembeni. Ijumaa mbili nikawa napokea mimi barazani, nakimbilia ndani, nikifika kizingitini simu inakatika na bibi ameshanyoosha mkono.

Nikamwambia, "Bibi, wewe kaa hapo hapo, usinyanyuke, mtandao nitakuletea mimi."

Akasema, "Utauleta kwenye beseni?"

Nikapata kwa jamaa mmoja boksi la kuvuta mtandao, halina karatasi wala jina, antena kubwa nikaifunga juu ya bati, waya nikaushusha, antena ndogo nikaibandika chumbani kwa bibi, juu ya kitanda. Nikachomeka. Bi Wahida, sijui nikuelezeje. Nimeshika simu, naona mstari mmoja, miwili, imejaa, ndani ya chumba ambacho tangu kijengwe hakijawahi kusikia sauti ya mtu aliye mbali. Mimi nimefungua simu za watu mpaka nimechoka kuhesabu, lakini siku hiyo ndiyo niliwaza kwamba maneno ya watu yanatupita vichwani mchana kutwa, salamu, vilio, watu wanatongozana, yote yanapita hapa hapa na hatuoni kitu. Ijumaa Bi Taghreed akapiga. Bibi akaweka simu sikioni akanyamaza, nikadhani imekatika, kumbe anamsikiliza mdogo wake anavyohema. Halafu akasema, "Unahema vile vile kama ulipokuwa mdogo, ukitoka kukimbia kuku." Wakacheka wote wawili. Mimi nikatoka nikakaa ngazini, kulikuwa na vumbi likaniingia machoni.

Tatizo ni kwamba kuanzia wiki hiyo mtaa ukaanza kulalamika, simu hazishiki, kampuni zote. Wengine wakasema mnara umeharibika, wengine wakasema mawingu. Halafu wakagundua kwa Bi Kibibi kunashika, wakaanza kuja, viatu vimejaa mlangoni kama tunamsomea babu hitma nyingine, na kila anayetoka ananipiga bega, "Muharami una mkono wewe," na mimi sikufichi, nilianza kutembea taratibu ili watu wapate muda wa kuniona. Na jirani yetu dada Shufaa, mimba ya miezi minane, mumewe Khamis anatengeneza malori kule Msata, naye akawa anapanda ngazi zetu ameshika kiuno ili aongee na mumewe, akimaliza ananiombea dua.

Juzi mchana umeme ukakatika, boksi likazima, mimi niko juu ya bati nakaza antena. Haikupita dakika nikasikia simu kwa Shufaa inalia. Halafu dukani kwa Shamsudin. Halafu nyumba ya kona, halafu zote, meseji za siku kumi zinaingia kwa pamoja, mtaa mzima unalia kama ndege wakiamka, na watu wanatoka nje wamezishika simu mikononi kama vifaranga. Nikaiachia antena, nikakaa pale pale juu ya bati. Umeme uliporudi, kimya kikarudi, nyumba baada ya nyumba. Wao wakasema mnara umeharibika tena. Mimi nilijua mnara gani.

Jioni Khamis akashuka kwenye basi la Msata, shati limelowa. Alikuwa amempigia mkewe mara ishirini na mbili hapatikani, akajua ama amejifungua ama amekufa. Akamkuta Shufaa sebuleni kwetu anakunywa chai. Akanishika mkono, akanishukuru. Mimi.

Sasa nikizima, Ijumaa bibi hatamsikia mdogo wake, na huenda ndiyo ya mwisho. Nikiacha, uchungu ukimshika Shufaa akiwa kwake atampigia nani. Na nikisema, jina langu limekwisha. Nishauri, lakini usiniambie nirudi shule.

Muharami, Bagamoyo.

Mshauri anajibu:

Marahaba Muharami. Shule tutaiacha kwa leo, ina walimu wake wa kukusikitikia.

Nilipofika pale bibi anapomsikiliza mdogo wake akihema, niliweka barua chini, nikanyanyuka nikampigia dada yangu. Kwa hilo ahsante. Halafu nikapiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha, ili usisubiri gazeti. Hupatikani. Nadhani ulikuwa nje ya nyumba yenu.

Nimemuuliza fundi wa mitambo. Antena yako ya juu na ile ya chumbani ziko karibu mno, zinasikilizana zenyewe kwa zenyewe, kama kipaza sauti kikisogezwa mbele ya spika yake kinavyopiga mluzi. Huo mluzi masikio hayausikii, ila mnara unausikia, na simu za jirani haziwezi kupenya. Maboksi hayo yanatakiwa yawe na kibali. Lako halina hata jina. Ungeuliza, ungeambiwa.

Na kuuliza ndiko kulikokushinda. Nijibu: bibi yako anatia udhu wapi? Nguo zake zinaanikwa wapi? Umeandika kwa mkono wako kwamba uani, kwenye kamba ya nguo, kuna vimstari viwili. Bibi amefiwa, hajafungwa. Eda imemzuia kutoka nyumbani kwake, na uani ni kwake. Kama ana wasiwasi, wapo kina mama wanaokaa naye, wanayajua hayo kuliko wewe na mimi. Lakini wewe ulimwambia asinyanyuke, kwa sababu ulitaka mtandao uletwe na mkono wako.

Chukua kile kiti cha barazani, kiweke chini ya kamba ya nguo. Ijumaa mpe bibi mkono, mkalishe hapo kabla simu haijalia. Siku ya mvua, tundika simu yako kwenye dirisha linalotazama uani, iwashe igawe intaneti, na bibi ampigie mdogo wake kwa intaneti hiyo kwenye simu nyingine akiwa chumbani. Wapigie huduma kwa wateja uwaambie nyumba yenu haishiki. Boksi lirudi lilikotoka.

Jina lako litachafuka, ndiyo. Watakusema, na Khamis ana haki ya kukusema kuliko wote. Usijitetee kwa habari za Maskati. Msikilize mpaka amalize.

Na usingoje kesho. Ukifika mstari huu chomoa waya, kisha panda ukafungue antena. Ukiwa juu ya bati, kaa dakika moja usikilize. Simu ya kwa Shufaa italia kwanza. Ikilia, shuka, nenda kagonge mlango wake, umwambie.