Kamba ya Baba Yako

Jumapili, 3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Huku sote wazima, goti tu ndilo linalonikumbusha umri. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Halmashauri imebandika tangazo getini kwetu. Wanataka kujenga uwanja mpya wa michezo nje ya mji, wenye paa na viti vya rangi, na fedha watachukua zile za mabomba ya maji ya mtaa wetu. Huu wa zamani, alioutunza baba yako hadi anakufa na mimi nikaupokea, watauuza. Eti ni mfupi. Umepungua mita tano kasoro, hauchezewi ligi. Nikaisoma ripoti ya vipimo iliyobandikwa pamoja nalo hadi chini, nikakuta sahihi yako. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Miaka kumi na sita, kila Jumamosi, napiga mistari ya chokaa kwa kamba ya marehemu baba yako. Kamba ile haijawahi kumdanganya mtu. Mkutano wa wananchi ni tarehe sita Aprili, nami nimeshajiandikisha kusema. Nitasema mpimaji amekosea, hata kama nimemzaa mwenyewe.

Mama yako

Jumatatu, 11 Machi

Shikamoo mama,

Natumaini goti limepoa. Mimi mzima, ila barua yako sikuweza kuimaliza kwa mara moja.

Ni kweli sahihi ni yangu. Wenzangu wa ofisini walikuja wakapima mara mbili, mimi nikaandika. Mita hazina undugu, mama. Lakini walipima kutoka mstari hadi mstari. Ardhi iliyobaki nyuma ya magoli hakuna aliyeipima, na mimi sikuuliza. Hilo kosa ni langu na linaniuma. Sisi tuliandika mistari mifupi, halmashauri wakasoma uwanja mfupi.

Usiende mkutanoni na hasira tupu, watakumaliza. Nimekutumia tepu yangu ya chuma kwa basi. Ilaze kando ya kamba, uone.

Na mama, niambie kitu kimoja. Kamba ile ilipokuwa ikikatika, ulikuwa unafanyaje?

Mwanao

Jumatano, 27 Machi

Shikamoo mama,

Wiki mbili kimya, na simu hupokei. Muuza magazeti wa pale getini ananiambia u mzima, unapita tu bila kusalimia. Hiyo si kawaida yako. Tepu ilifika?

Nimemweleza mkuu wangu kwamba ripoti ina kasoro. Amenuna, lakini amekubali tuiongezee ukurasa. Kama nimekukosea nigombeze, mradi useme neno.

Mwanao

Jumapili, 7 Aprili

Marahaba mwanangu,

Mimi mzima, goti nalo lina afadhali. Wala sikununa. Niliona aibu.

Tepu ilifika. Nikangoja uwanja uwe mtupu, nikailaza kando ya kamba. Uliniuliza ikikatika nilikuwa nafanyaje. Nilikuwa nafunga fundo, ningefanya nini? Mpya sikutaka, kwa sababu ile ya zamani aliishika baba yako. Mafundo yako kumi na moja, na kila moja limekula kamba ya urefu wa shubiri ya mkono. Na kamba yenyewe ni ya nusu uwanja, naivuta mara mbili. Magoli unajua tunayang'oa kila mvua zikianza, tukiyarudisha tunayapanda kwa kamba hiyohiyo. Basi mwaka hadi mwaka nimekuwa nikiukunja uwanja kama mkeka, na huku natamba. Nilikaa chini palepale katikati nikalia. Kisha nikainuka nikapima hadi ukutani, huku na huku. Ardhi ipo, mwanangu. Ipo na inabaki.

Sitakuficha, nilitaka kunyamaza. Lakini nikinyamaza uwanja unauzwa na maji tunaendelea kuyabeba kichwani, kisa mimi nisichekwe. Nikaona hapana. Jana nikaenda.

Ukumbi ulifurika. Diwani mwenye suti alisema mji usio na uwanja wa kisasa ni sawa na nyumba isiyo na sebule. Mwalimu wa mpira alimuunga mkono, na simlaumu, amechoka kuona wachezaji wake wakinyeshewa. Zamu yangu ilipofika nikamwomba mwenyekiti ashike ncha ya kamba na diwani ashike ncha ya tepu. Nikaziburuta zote mbili hadi mlangoni, nikatoka nazo uani, watu wakasimama kwenye viti waone. Kamba ikaisha, tepu bado inakwenda kuitafuta alama ya nusu uwanja. Nikarudi ndani, nikasema:

"Uwanja si mfupi. Mimi ndiye niliyeufupisha, kwa mafundo haya, na Jumamosi ijayo nitaurudisha."

Kilichofuata ni kicheko, acha tu. Mzinga, yule mshambuliaji wetu wa zamani ambaye hadi leo anatutambia goli lake la kutoka katikati ya uwanja, alisimama akalalamika kwamba nimemharibia historia. Niliwaacha wacheke hadi wachoke. Kisha nikawaambia mabomba yaje, uwanja ubaki, na wakitaka wanicheke hadi kaburini.

Wakapiga kura. Uwanja mpya umewekwa kando hadi maji yafike mtaani, na wa zamani hauuzwi. Diwani anasema hajamaliza. Na mimi sijamaliza.

Kamba nimeitundika nyuma ya mlango, kwenye msumari wa koti la baba yako. Sasa shida ni hii tepu yako, inataka watu wawili. Ulipokuwa na miaka saba baba yako alikuwa akikushikisha ncha ya pili ya kamba, nawe huiachii hadi akuambie. Ulipoondoka nikawa naifunga kwenye kigingi. Kigingi hakijui kuniambia, "Bado mama, vuta kidogo." Labda kingejua, tusingefika huku.

Jumamosi asubuhi napiga mistari mipya. Njoo unishikie.

Mama yako