Mama Si "Mengineyo" Tena

Kijiji cha Ujamaa, jirani na Kasense,
Sumbawanga.
24 Aprili, 1976.

Mpendwa Kaka Ambwene,

Shikamoo kaka. U mzima? Goti la wifi Rozina limepoa? Sisi hatujambo, ila baridi ya huku inatutafuna. Ulezi unapendeza mwaka huu.

Kaka, kaa chini kwanza! Kile kibao cha makaburini kimeng'olewa!

Tangu tumzike mama hapa ukaondoka kwa hasira, ukisema hutakanyaga tena mpaka atambuliwe kwa kanisa lake, sijapata raha. Unakumbuka, mwanzo tuliitwa "wageni", kisha "wasio wa misheni", halafu Katibu Kasimiri akatupa jina la serikali, "Madhehebu Mengineyo", akaliandika kwenye kibao hicho na kukipigilia juu ya makaburi yetu. Hata mkutanoni: "Wakatoliki huku, mengineyo kule!" Mume wangu Mbonile, bwana shamba mzima, alinuna hadi ugali ukapoa. Mengineyo, alisema, ni mambo ya mwisho wa kikao, watu wameshachoka.

Basi Pasaka alfajiri tukaenda makaburini kama ilivyo desturi yetu. Wenzetu wa usharika wa Chanji walikuja na matarumbeta. Weee! Kupuliza tu, wanaume wa kijiji wakatoka mbio na majembe mabegani, wakidhani pana msiba, waje kuchimba kaburi! Mbele kabisa Mwenyekiti, Mzee Zenon, aliyefiwa na mkewe Cornelia Kwaresima hii. Nikamweleza hatujafiwa, tunawaimbia wafu wetu habari za ufufuko. Akavua kofia.

"Mama Suma, basi njooni na kwa Cornelia wangu. Naye asikie."

Tukavuka njia, tukapiga matarumbeta kwenye makaburi ya Wakatoliki! Alilia mzee wa watu, nami nikalia.

Jana mkutanoni Katibu alipoanza tu "mengineyo", Mzee Zenon akamkatiza: "Hao wana jina. Ni Wamoraviani. Watu waliompigia mke wangu hawaitwi mengineyo." Jioni Mbonile akapaka rangi kibao kipya, anaimba peke yake!

Sasa familia ya Eustaki, Wasabato, imebaki peke yake na lile jina, na wametununia kwelikweli. Wana haki. Nimemwambia Mbonile mkutano ujao tuwasemee.

Wasalimie wifi, Anyosisye na watoto wote. Suma anakuamkia. Bwana awalinde mtokapo na mrudipo.

Kaka, ulichokitaka kimekuwa. Njoo, na ulete tarumbeta lako. Mama bado hajakusikia.

Mdogo wako akupendaye sana,
Tusekile