Dada, Wamewashia Moto Kadi Zako

Dada Subilaga,

Ugonile, umelalaje huko. Anayekuandikia ni mdogo wako Ambakisye, yule ambaye kuanzia Suma mpaka Kisiba mvua yenyewe haithubutu kunyesha kabla haijauliza kama nimeshaanua mahindi yangu. Wazee wa Mpuguso wakishindwa na neno wanasema tumsubiri Ambakisye. Mwenyekiti wa kijiji akiiona kofia yangu kwa mbali anasimama, hata kama alikuwa anakula. Nyani waliokuwa wanamaliza ndizi za bonde zima niliwaambia sentensi moja tu, wakahamia upande wa pili wa mlima, na mpaka leo wanasimuliana huko. Mtu wa namna hiyo, Dada, ndiye uliyemwacha apige kelele kama kichaa mbele ya sufuria za msiba wako.

Nina hasira. Nina hasira na mwanao Gwakisa, nina hasira na kuni za Tukuyu zisizokauka mwaka mzima, na nina hasira na wewe kuliko hao wote. Darasa la nne niliishia njiani, lakini hasira naijua kuiandika, kwa hiyo kaa usome.

Nianze na Gwakisa. Alikuja kutoka Mbeya mjini na mkewe, amevaa miwani ya jua na mvua inanyesha. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na wanaume, tunaangusha ng'ombe wa msiba. Ng'ombe mwenyewe ana nguvu ya trekta, nikamlaza peke yangu, wengine walishika mkia tu. Nikaenda kwa akina mama kuomba maji ya moto ya kunawa. Pale chini ya sufuria kubwa ya wali nikaona ua la dhahabu linajikunja kwenye moto. Ua la karatasi. Nikajua hapo hapo. Hakuna mtu mwingine katika kata yetu anayekata ua kwa wembe likawa jembamba kama ganda la kitunguu.

Lile sanduku lako la bati la chini ya kitanda, Dada. Lile lenye kadi zako zote ulizokata na kubandika kwa mikono yako: za Krismasi, za kipaimara, za waliojifungua, na zile nyingine ulizotengeneza bila sababu yoyote. Kuni zilikuwa mbichi, moto umegoma, wakalimimina lote jikoni.

Nikamwita Gwakisa. Unajua alichonijibu? "Mjomba, nilidhani ni kadi za michango."

Kadi za michango! Mtoto uliyemzaa wewe! Eti alifungua sanduku, akaona limejaa kadi, akafikiria harusi zote za wilaya hii ambazo mama yake hajachangia, akaogopa wanakamati watakuja kudai pale pale kwenye jeneza. Akamnong'oneza mkewe azipeleke jikoni kimyakimya zikawashie moto. Kadi isiyo na jina la bwana harusi, isiyo na ukumbi, isiyo na namba ya simu ya mweka hazina, ina kinyonga tu amekaa kwenye tawi. Ni mchango wa kinyonga gani huo, Dada? Kinyonga anaoa wapi?

Halafu nikakumbuka yule mama wa mashine ya kusaga, nikazidi kukasirika, maana niliona kumbe Gwakisa hayuko peke yake. Si unakumbuka ulimpelekea kadi baada ya kupona mguu? Alipoiona bahasha tu akaanza kulia shida, kwamba hela ya majani ya chai bado haijatoka, kwamba mume wake amesafiri. Ukamwambia, "Si mchango, ni kadi tu." Akakuuliza, "Kadi tu ya nini?" Ulicheka mpaka ukakalia gunia la pumba. Mimi nilisimama pembeni naona aibu kwa niaba yako.

Basi msibani niliingiza mkono kwenye moto ule mpaka kiwiko. Moto wenyewe ulirudi nyuma, mashahidi wapo. Nikatoa kadi moja imeungua nusu. Baba mdogo akanijia kwa fimbo yake: "Ambakisye, unagombana msibani kwa ajili ya makaratasi?" Nikamwambia ndiyo, kwa ajili ya makaratasi. Nikamwita mpwa wangu majina ambayo siwezi kuyaandika kwa mtu aliyekwisha kuzikwa kikristo. Kwaya ilipoteza sauti.

Siku ya kugawa vitu vyako ndiyo nikaelewa kwamba watu hawa hawakukujua. Vitenge viligombewa. Redio iligombewa. Jembe lile lenye mpini uliopinda nalo lilipata wagombea. Walipofika kwenye mkasi wako, rula, na karatasi za manila zilizosalia kwa kuwa ulizificha nyuma ya kabati, hakuna aliyenyoosha mkono. Mke wa Gwakisa akasema mkasi utamfaa kukatia kuku. Kuku! Nikasimama, nikasema nauchukua mimi wa kukatia nywele za masikio, na makaratasi nachukua ya kufungia mbegu. Wakacheka. Niliwaacha wacheke, nikaondoka na vitu vyangu kwapani.

Sasa tuje kwako.

Uliniambia ni tumbo. "Tumbo tu, Amba, usinitolee macho." Ukafunga kanga yako, ukapanda gari kwenda hospitali kama mtu anayekwenda sokoni. Ulikuwa unajua. Usinidanganye huko uliko, ulikuwa unajua! Mchana wa mwisho tuliokaa barazani mvua inanyesha, umeniwekea mabaki ya karatasi kama unavyomwekea mtoto ili asisumbue, unaniambia, "Kata hapo, usinung'unike." Nikakuuliza ua linasimamaje kadi ikifunguliwa. Ulikuwa unabonyeza mkunjo kwa mgongo wa kijiko, taratibu, kama vile una miaka mia mbele yako. Ukasema, "Nikirudi nitakuonyesha."

Hukurudi. Ulirudishwa. Ni vitu viwili tofauti.

Ungeweza kunionyesha siku ile ile! Ingekuchukua muda gani, Dada? Maji ya chai hayakuwa yamechemka bado. Lakini wewe ulipenda kunisubirisha, tangu tukiwa wadogo ulipenda kunisubirisha, na safari hii umenisubirisha kwa namna ambayo sina la kukufanya. Hilo ndilo linaloniuma. Gwakisa ninaweza kumkemea. Wewe nitakukemea wapi?

Maana kulikuwa na Tusekile. Mjukuu wako wa mwisho, binti wa Gwakisa, yule uliyemlea mwenyewe tangu anatambaa. Kila mjukuu wako alipata kadi yako siku ya kipaimara, kadi yenye ua linalosimama. Ya Tusekile ulikuwa umeshaitengeneza, mtoto mwenyewe alikuwa anajua, ulimwahidi. Ikaenda kupika wali. Na kipaimara kinakuja. Huyo mtoto hakuuliza kitu. Alipita kwangu kila siku akitoka shule, ananisalimia "Shikamoo babu," ananitazama kidogo, anaondoka. Afadhali angelia.

Basi nikajifungia ghalani na ile kadi iliyoungua nusu. Nikaifumua kama fundi anavyofumua redio. Kumbe, Dada! Kumbe ua halikubandikwa kwenye kadi hata kidogo. Limeshikwa na vikanda viwili vya karatasi, kimoja kushoto kimoja kulia, kadi ikifunguliwa vinavutana na ua linanyanyuka katikati. Kitu chenyewe ni chepesi hivyo, na uliniringia miaka yote! Nilikutukana kwa sauti. Kuku walikimbia.

Kuelewa kumbe si kutengeneza. Ua la kwanza lilisimama kadi ikifungwa, likalala kadi ikifunguliwa. La pili likang'oka kwa sababu uji wa ngano niliopika wa kubandikia ulikuwa mwepesi kama wa mgonjwa. Jingine nililiacha likauke juu ya gunia, panya wakala uji na ua lake. Vidole vyangu hivi vilivyong'oa visiki vya msitu mzima vilishindwa kushika petali moja. Nikikosea nakulaumu wewe. Nikipatia nakulaumu pia, kwa kuwa hupo kuona. Karatasi ya dhahabu ilikwisha, nikachukua ile ya ndani ya pakiti za chai, nikainyoosha kwa mgongo wa kijiko, ikang'aa kuliko dhahabu. Hilo ni wazo langu, hukunifundisha wewe.

Jumapili kanisa lilijaa. Watoto wengine wamevalishwa mataji ya maua ya plastiki mpaka hawaoni mbele. Nilipotoka na bahasha yangu mfukoni, mke wa Gwakisa akaiona, akarudi nyuma hatua nzima: "Mjomba, mchango wa nini tena leo?" Nilimtazama tu. Nilimtazama kwa jicho lile nililowatazamia nyani.

Tusekile akafungua. Ua likanyanyuka. Liliegemea kushoto, siwezi kukudanganya, liliegemea kama mtu aliyetoka kilabuni, lakini lilisimama. Yule mtoto alifunga, akafungua. Akafunga, akafungua. Halafu akaniuliza polepole, "Babu, bibi aliitengeneza lini hii?"

Dada, mimi ndiye niliyesema nilisaidia kuchimba ziwa Kisiba. Watu wote pale walinigeukia, wanasubiri nianze. Kofia yangu ilikuwa mkononi, mdomo ulishafunguka. Nikasikia sauti yangu inasema, "Kabla hajaenda hospitali."

Akaibana kifuani, akaenda kupiga picha. Kwa hiyo kazi yangu niliyoitolea jasho, umeichukua wewe. Umelala tu huko kaburini na sifa zimekufuata. Hilo nalo limenikasirisha, uliandike kwenye deni lako.

Gwakisa alikuja nyuma ya kanisa, amevua miwani. Akasema, "Mjomba, kwa kweli sikujua." Nikamwambia najua hukujua, ndiyo maana nimekasirika. Alisimama anachezea funguo zake. Sijamsamehe. Nitaangalia baada ya kuvuna viazi.

Sasa nakuaga, Dada, maana mkono umechoka na karatasi hii ni manila, si ya kuchezea. Nakuahidi mkasi wako hautagusa kuku nikiwa hai. Nakuahidi na watoto wa wajukuu zako watapata maua yanayosimama, na nitayanyoosha yasiegemee. Hasira sikuahidi kuiacha, hiyo ni yangu. Ndaga fijo, asante sana, kwa somo la kijiko. Lala.

Limebaki neno dogo, na ulifiche huko huko. Leo hakuna kipaimara. Hakuna harusi wala aliyejifungua. Nimemwambia mke wangu nipo ghalani natengeneza bomba la kupulizia dawa. Bomba ni zima. Tangu asubuhi nakata vipepeo, Dada, vipepeo, mimi mwenye masharubu haya. Si vya mtu yeyote. Nimevipanga tu hapa gotini, nafungua mbawa na kuzifunga, nafurahi, na kila nikisikia ndara za mke wangu zinapita nje, nagonga bomba kwa nyundo.

Mdogo wako,
Ambakisye