Chupa ya Komandoo

Wee, acha unachofanya usome hii!

Si unamjua Komandoo wa hosteli yetu, yule anayeita soda maziwa ya watoto? Leo mchana tulikuwa tunasherehekea kumaliza mitihani, nikachukua chupa yake ya vodka kimakosa, nikapiga funda.

Maji! Maji matupu ya bomba, ndugu yangu!

Akanivuta pembeni, mdomo haunuki hata kidogo. "Ukisema, mimi hapa si mwanamume tena." Halafu akarudi mezani anapepesuka, anamcheka mwenzetu aliyekataa bia!

Maji, nakwambia!

Sasa kila mwenye chupa namtazama mara mbili. Simwamini mtu.

Na wewe, juzi nilipokubeba mgongoni hadi ghorofa ya tatu, ulikuwa umelewa kweli?