Binti Yangu, Sauti ya Tatu Inapanda

Mpendwa binti yangu,

Wewe huko Dakawa unafundisha watoto wa watu, nami huku Mgeta bado nafundisha kwaya ile ile. Mama yako anakusalimu sana. Mimi nina la kwangu, na nimelikalia muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima.

Nakumbuka tulivyokuwa tukiosha karoti mtoni kabla lori halijafika. Ulikuwa na miaka tisa hivi. Mimi naimba sauti ya tatu, wewe ya kwanza, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Nikikosea unacheka, nami nacheka. Sijui ni lini niliacha kucheka. Labda ni pale watu walipoanza kuniita mwalimu hata sokoni, na kwaya za jirani kuja kuniomba nyimbo. Nilivimba kichwa, mwanangu, nikadhani ndiyo karama.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya mazoezi. Ulikuwa umerudi kutoka chuo cha ualimu, ukisoma noti vizuri kunizidi. Tulikuwa kwenye wimbo wa mavuno, ukanyoosha mkono kwa adabu.

"Samahani baba, hapo sauti ya tatu inapanda. Sisi tunashuka."

Kitabu kilikuwa mezani, ningeweza kukifungua. Badala yake nikasema, "Kwaya hii umeikuta, Sabina. Kaa chini."

Ukakaa. Tangu siku ile hujaimba. Ukija likizo unakaa benchi la nyuma, midomo umeifunga, hata kwenye nyimbo ambazo kanisa zima linaimba. Mama yako alikuuliza kama huko Dakawa una kwaya, ukamwambia umepumzika. Nilikuwa chumbani, nikasikia. Iliniuma sana.

Mwezi uliopita niliitwa mjini Morogoro kwenye semina ya walimu wa kwaya. Ukaletwa wimbo ule ule. Watu wote wa sauti ya tatu wakapanda, mimi peke yangu nikashuka, tena kwa nguvu, maana unanijua. Aliyekaa kando yangu akanionyesha noti kwa kidole. Miaka yote ile nilikuwa nafundisha kosa.

Nilirudi nyumbani nimeshaamua kuacha kwaya. Usidhani ulikuwa unyenyekevu. Niliona haya tu. Jumamosi nikawaambia wanakwaya kwamba wewe ulikuwa sahihi, na kwamba watafute mwalimu mwingine. Mzee Kobelo, mkongwe wetu wa sauti ya tatu, akatazama mlimani, akasema, "Mwalimu, tufundishe basi, mvua inakuja."

Tukaanza upya. Wanakosea mno, wameshaizoea njia yangu, na mimi nakosea nao. Lakini nakwambia kweli, ni miaka mingi sijafurahia mazoezi kiasi kile.

Sikuombi urudi kwenye kwaya yangu. Naomba uimbe tu, huko huko uliko, na watu watakaokusikiliza vizuri kuliko nilivyokusikiliza mimi.

Barua hii nimemwomba katibu wa kanisa aisome Jumapili baada ya matangazo, kabla haijapanda gari kuja kwako. Nilikukaripia mbele ya watu. Nisamehe, mwanangu, mbele ya watu wale wale.

Ni mimi,
Baba yako