Ziwani Hakuna Baridi, Baba

Kamwene Baba,

Najua huko uliko barua hazipelekwi na basi, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kazi ikiisha, mwenye kazi aambiwe. Basi nakuambia: boti yako imeingia majini. Imeelea. Mama ameipanda, amekunywa chai ndani yake, na amecheka mpaka kilemba kikadondoka. Ningeweza kuishia hapo, ila nakufahamu, utataka kujua nani alishika msumeno na alikata wapi. Kaa basi nikueleze. Niko kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, viti viwili vya lori la Fuso vinanisubiri kuvalishwa, navyo vitasubiri.

Kwanza nikiri. Ulipokuwa unaijenga ile boti uani kwetu Lyamkena, mimi ndiye niliyekucheka kuliko wote. Mtaa mzima ulicheka, sikatai. Boti, Makambako, mahali ambapo maji mengi tunayoyaona ni ya kuoshea malori! Wakakuita Nuhu, ukawajibu kwamba Nuhu naye alikuwa fundi wa nchi kavu. Lakini mimi, mwanao, nilipoona umeiinulia kuta pande zote, nilisema mbele ya wateja wangu kwamba Baba anatengeneza jeneza la ukoo mzima. Kumbe ulikuwa mlangoni, umesikia. Hukukasirika. Ulisema tu, "Jeneza halina dirisha, Yusta," na kesho yake ukakata dirisha upande wa kulia, dogo, la mabawa mawili, kwa bawaba ulizong'oa kwenye kabati la marehemu bibi. Miezi minne baadaye ukatutoka. Baba, neno lile la jeneza lilinikaa kooni wiki nzima ya msiba. Nilijaribu kulimeza na chai, na halikushuka.

Na zile kuta zako! Umesahau zilitoka wapi? Lupingu, kule ziwani, ulikwenda mara moja tu maishani, kutengeneza mabenchi ya kanisa, ukakaa majuma mawili. Siku moja kabla ya kurudi, wenyeji walikupandisha kwenye mtumbwi ukaone ziwa. Ulirudi na habari mbili, na ukazirudia kila sikukuu mpaka tukazijua kwa moyo. Ya kwanza, kwamba hujawahi kuona uzuri kama ule. Ya pili, kwamba katikati ya Ziwa Nyasa kuna baridi kuliko Njombe ya mwezi wa saba. Saa saba mchana ulikuwa umejifunika blanketi na meno yanagongana. Siku ya pili baada ya kufika nyumbani ukalazwa, malaria, na mpaka mwisho ulishikilia kwamba ni baridi ya ziwa iliyokuletea ugonjwa. Ukaapa kwamba ipo siku utampeleka Mama akaone ule uzuri, ila baridi isimguse hata kidole.

Ndipo ukajenga nyumba juu ya boti. Kuta mbilimbili za mbao za msindano kutoka Matembwe, na katikati umeshindilia maranda ili joto lisitoke. Mlango wenye komeo. Bati juu. Kona ya jiko la mkaa. Ukaweka na mfereji wa kukingia maji ya mvua, Baba, mtu anayekwenda kukaa katikati ya ziwa! Nilikuambia watu wa Lupingu wakipandia huku kwetu huvaa majaketi mawili juani, iweje kwao kuwe na baridi? Ukanijibu, "Hao umewaona nchi kavu." Nani angekushinda?

Baada ya wewe kuondoka, abiria wa boti walikuwa kuku. Mama hakutaka tuiguse. Hakutaka mengi mwaka huu; kanisani na kurudi, shambani na kurudi, na tukimtania anatutazama tu kama watu anaojaribu kuwakumbuka. Ilipokaribia kutimia mwaka akatuita mimi na Obadia. Akasema siku ya kumbukumbu, tukitoka ibadani, hataki pilau wala wageni. Anataka apelekwe ziwani kwa boti ya baba yenu. Na akaongeza, "Kama alivyoiacha. Mkigusa hata msumari mmoja, sipandi."

Sasa hapo ndipo kazi ilipoanza, maana mimi na kaka yangu tulishaanza kuigusa kichwani. Unamjua Obadia, amezoea kuendesha lori la mbao, kwake chombo bila mapambo ni mkokoteni. Alitaka injini kubwa, taa za rangi, spika mbili kama za baa, na maandishi ya kung'aa ubavuni. Mimi nilitaka kivuli, viti vya kukalika, na majaketi ya kuokolea ya watu wote. Tulibishana wiki tatu. Tukafikia mahali hatusalimiani, kila mmoja anakwenda uani kwa wakati wake kupima upande wake kwa futi, na kuku wanatushangaa. Mama akipita tunajifanya tunatafuta mayai.

Mwishowe neno la Mama likatushinda wote wawili. Tukaipakia vilevile ulivyoiacha, juu ya lori la Obadia, ikasafiri kutoka Makambako mpaka Lupingu na bati lake na mfereji wake. Njombe mjini watu walisimama kando ya barabara wakipiga makofi. Mama alikaa mbele, amevaa sweta mbili na soksi, na blanketi lako la bluu magotini. Tulipoanza kuteremka baada ya Ludewa akavua sweta moja. Kila kona lori lilivyozidi kushuka, joto lilizidi kupanda. Tulipofika ufukweni nilikuwa nimelowa kama niliyekwishaogelea.

Tulipata fundi wa boti wa pale, Mzee Haule, mtu wa maneno machache. Aliizunguka kimya, akagonga huku na huku kwa kifundo cha kidole. Kisha wanaume wakaisukuma majini bila mtu ndani. Baba, ilisimama kidogo, ikafikiri, halafu ikainama ubavu kama mlevi anayetafuta ufunguo alioangusha. Wakaikamata na kuirudisha mchangani. Mzee Haule akasema, "Nyumba nzuri sana hii. Ila nyumba haijui kuogelea." Kichwa ni kizito, alieleza, upepo mmoja tu wa mchana utaipindua, na mama huyu yumo ndani na mlango una komeo. Halafu akainama tena chini, akapitisha kiganja kwenye maungio ya sakafu, akasema neno ambalo nimekuletea kama zawadi: "Aliyeunga mbao hizi angezaliwa huku, sisi tungekufa njaa."

Nilifurahi na moyo ukanikatika papo hapo. Chini umepatia, juu umekosea, na juu ndiko Mama alikokataza tusiguse. Tukiikata, Mama hapandi. Tusipoikata, hatuwezi kumpandisha. Obadia akanitazama niseme mimi, mimi nikamtazama yeye aseme.

Mama hakungoja. Alijitanda blanketi lako, akapanda ndani ya boti palepale mchangani, akafunga mlango, tukasikia komeo. Tukakaa nje. Dakika kumi. Jua la saa saba linapiga bati, na ndani kuna kuta mbili na maranda. Nikaanza kuogopa, nikainuka kwenda kugonga. Ndipo dirisha lako likafunguka, mabawa yote mawili kwa mpigo, na kichwa cha Mama kikatokeza, jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

"Yusta, hiyo baridi aliyoisema baba yenu iko wapi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo inacheza. Akasema mtumbwini ulipanda Alhamisi. Ijumaa ukarudi. Jumapili tukakulaza. Akahesabu tena. Halafu akapiga ubao wa dirisha kwa kofi. "Mume wangu hakupigwa na baridi! Alikuwa na malaria mlemle ndani ya mtumbwi!"

Baba, tulicheka. Tulicheka mpaka Obadia akakaa chini kwenye maji. Wavuvi walikuja kuuliza kuna nini, Mama akawaeleza huku anajifuta kwa ncha ya kitenge, nao wakacheka, na mmoja akakumbuka kwamba kweli, palikuwa na fundi wa mabenchi aliyekuwa akitetemeka juani na wao wakidhani anaogopa maji. Sisi watu wa baridi ndivyo tulivyo. Mtu akitetemeka tunamtafutia blanketi, hatumtafutii vidonge. Miaka yote hiyo ulikuwa unaijengea homa yako kuta.

Mama alipotulia alikuwa bado kichwa nje. Alikuwa na sura ambayo nilikuwa sijaiona tangu tukuzike, ile anayokuwa nayo akikusimulia ujinga wako mwenyewe mbele yako. Akasema, "Kateni. Dirisha mniachie."

Msumeno ulikuwa wako, ule wenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Niliushika mimi. Kwenye mkato wa kwanza maranda yalinimwagikia miguuni, yananukia uani kwetu asubuhi wakati umeanza kuranda na hujanywa uji. Nililia, sikufichi. Obadia naye alisema vumbi la mbao limemwingia machoni, yote mawili kwa wakati mmoja.

Tulikaa siku tatu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na sisi tulishavua. Mbao za ukutani zimekuwa mabenchi, kushoto na kulia, nami nimeyavalisha rekzini nyekundu na sponji nene. Mlango umekuwa meza, na komeo tumeliacha, Obadia huning'iniza kofia yake hapo. Mahali pa bati nimeshona turubai la kivuli, lile zito la malori, lenye kamba za kulikunja upepo ukija. Injini kubwa ilikufa Mzee Haule alipomuuliza Obadia, "Kwani unamkimbia nani?" Tumefunga ndogo, na makasia mawili kwa siku itakapokataa kuwaka. Taa za rangi zimekataliwa kwa sababu zingewachanganya wavuvi wa dagaa wanaovua usiku kwa taa. Redio nilimwachia Obadia, moja, ya ukubwa wa tofali. Majaketi ni ya rangi ya chungwa. Mama alipolivaa lake juu ya kitenge alisema sasa amekuwa mjenzi wa barabara. Mfereji wako uko kwenye paa la Mzee Haule, unakinga maji ya mvua mahali panapostahili. Na jiko limebaki, tumelifungia pembeni kwa vyuma, maana chai haijawahi kuwa kosa.

Sasa dirisha. Mzee Haule alidhani Mama anatania. Ukuta umeondoka, dirisha linabaki la nini? Lakini fundi mzuri haulizi mara mbili. Akalipachika katikati ya nguzo mbili za turubai, upande wa kulia, kwenye usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Fremu yako, mabawa yako, bawaba za bibi. Kulia kwake hewa tupu, kushoto kwake hewa tupu.

Siku ya kumbukumbu tulisali asubuhi kwenye kanisa la pale, Mama amekaa kwenye benchi ulilolitengeneza wewe. Alilijua kwa jinsi miguu ya benchi ilivyochongwa, kabla hajaambiwa. Kisha tukaingia majini. Safari hii haikuinama. Ilikaa juu ya maji imetulia, na Obadia akapunguza redio mwenyewe bila kuombwa. Mama alikaa pembeni ya dirisha likiwa limefungwa, na muda wote tunaondoka ufukweni aliangalia mbao zake tu. Hakuangalia kushoto wala kulia, ingawa ziwa lote lilikuwa wazi. Nilimimina chai. Tulipofika mbali, milima imesimama nyuma yetu na maji yako kimya, akaweka kikombe chini, akafungua bawa moja, kisha la pili.

Akatazama muda mrefu. Nilikuwa naangalia shingo yake, sikuthubutu kuangalia uso. Hatimaye akasema, taratibu, kama anayekujibu wewe na si sisi:

"Kwenye zile habari zake mbili, ya kwanza alisema kweli."

Ndiyo habari niliyotaka uipate, Baba. Jeneza lile lina dirisha, na dirisha lile limemtoa Mama nje. Nisamehe kwa kucheka mapema. Ningejua, ningekuja kukushikia ubao.

Boti tumeiacha kwa Mzee Haule. Naahidi kila mwaka mvua zikikatika nitamleta Mama, turubai nitalishona upya likichakaa, na hakuna mtu atakayegusa lile dirisha nikiwa hai, hata Obadia na rangi zake. Lala kwa amani, seremala wa nchi kavu. Blanketi lako la bluu tumeliacha chini ya benchi la kulia. Ukija siku moja ukakaa hapo, na ukaanza kutetemeka, usiseme ni baridi: vidonge viko kwenye kopo la chai.

Mwanao,
Yusta