Migomba Inayoamka Jumatatu

Alisha, uko hapo? Usinipigie, nimejificha stoo ya maabara.

Unaikumbuka ile miche yangu ya migomba? Ile niliyoipunguzia maji wiki sita nione seli zinavyopeana taarifa za ukame. Nilikuambia kila Jumatatu naikuta imesimama wima. Ukasema ni ugunduzi. Wewe ndiye uliyesema ugunduzi.

Leo nimesimama mbele ya profesa na wageni, nimeonyesha grafu. Nikasema seli zina kumbukumbu, kila baada ya siku saba zinajirekebisha zenyewe. Zenyewe. Nimelitamka hilo neno mara tatu.

Mzee Aminieli, mlinzi wetu, alikuwa anatuletea chai. Akaweka birika chini, akasema taratibu, "Mwanangu, hiyo huwa naimwagilia mimi Jumapili, nikitoka kanisani."

Nikamuuliza, kwa nini mzee wangu? Maana kila asubuhi nampa shikamoo yake, lakini sijawahi kumwambia ninafanya nini mle ndani.

Akanishangaa. "Mgomba ukilegeza majani unaomba maji. Huku kwetu hata mtoto anajua. Nilidhani umesahau, nikaona aibu kukuambia."

Profesa anacheka mpaka sasa, namsikia hapa. Na muhtasari wa ugunduzi huu nilishautuma jana kwenye mkutano wa wanasayansi, Alisha. Jana.

Subiri, kuna mtu anagonga. Ni mzee. Anauliza Jumapili hii amwagilie au aache.